Mafuta ya taa yalivyofukuzwa nyumbani kwa bibi, Bariadi

Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa Bariadi, kwa bibi yangu mzaa mama. Safari hii sikwenda mikono mitupu. Nilibeba mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake dogo la kuweka juu, nikijiona naenda kufanya mapinduzi. Mjukuu aliyesoma chuo kikuu, anayeandika habari za nishati gazetini, anawezaje kumwacha bibi yake aendelee kupuliza mkaa?

Bibi alinishukuru sana. Akanibariki. Kisha akauchukua ule mtungi, akauweka kwenye kona ya sebule na kuufunika kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika redio yake. Jioni akawasha mkaa!

Kesho yake nikiwa stoo natafuta jembe, nikakutana na vitu ambavyo sikuwa nimeviona kwa miaka mingi. Jiko la mchina lililoshika kutu, tambi zake zimekauka kabisa. Taa ya chemli isiyo na kioo. Koroboi mbili zilizotengenezwa kwa makopo ya maziwa. Nikamwita bibi nikamuuliza, hivi mafuta ya taa yaliondoka lini humu ndani? Akacheka.

“Hayakuondoka, mjukuu wangu. Yalifukuzwa.”

Neno hilo lilinikaa kichwani siku zote nilizokuwa kule. Niliporudi kazini nikaanza kulifuatilia, na nadhani bibi alikuwa sahihi kuliko alivyodhani mwenyewe. Kaa kitako nikusimulie.

Tuanze na debe. Leo tunapima mahindi kwa debe, tunanunua mkaa kwa debe, na mtu akiongea sana tunasema debe tupu haliachi kuvuma. Wengi wetu hatujui kwamba debe tunalolijua lilifika huku likiwa limejaa mafuta ya taa. Baada ya Wamarekani kuchimba kisima chao cha mafuta kule Pennsylvania mwaka 1859, walianza kuuza mafuta ya taa dunia nzima. Yalisafirishwa kwenye mikebe ya bati yenye ujazo wa lita kama 19, miwili miwili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, mkebe haukutupwa. Ulichotea maji, ukapimia nafaka, ukapasuliwa na kunyooshwa ukawa bati la kuezekea au ukuta wa banda. Mafuta yaliungua yakaisha, mkebe ukabaki kuwa kipimo.

Usukumani bidhaa za namna hiyo zilifika kwa njia ya kuzunguka. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo mizigo ikavushwa ziwani kwa meli hadi Mwanza. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza, ikipita Malampaka, wilaya ya Maswa. Bariadi wakati huo ilikuwa bado ni sehemu ya Maswa. Kwa hiyo debe la mafuta likishushwa Malampaka, lilibakiwa na safari ya barabara ya vumbi tu kufika dukani.

Nani alikuwa ananunua? Mkulima wa pamba. Pamba ndiyo iliyoingiza fedha taslimu Usukumani, na msimu wa kuuza ulipofika ndipo watu walipobadilisha vitu vya ndani. Baiskeli, khanga, sufuria, na taa ya chemli. Chemli ilikuwa heshima. Koroboi ilikuwa ya jikoni, chemli ya sebuleni, na karabai ilikuwa ya sherehe na ya wenye nacho. Nyumba ya mtu ungeweza kuipima kwa mwanga wake usiku.

Sasa upande wa kupikia. Jiko la mafuta la pampu, lile la Primus, lilitoka Uswidi mwaka 1892, na lilisambaa dunia nzima kwa sababu liliivisha haraka na halikuhitaji kuni. Baadaye yakaja haya ya tambi, ya bei nafuu, tuliyoyabatiza majiko ya mchina. Haya hayakuwa ya mkulima. Yalikuwa ya mwalimu, nesi, karani wa kiwanda cha pamba, kijana aliyepanga chumba kimoja mjini. Huwezi kuwasha kuni ndani ya chumba cha kupanga, mwenye nyumba atakutimua! Jiko la mchina liliwekwa chini ya meza, ukapika wali wako mlango ukiwa wazi. Bibi yangu alikuwa nesi. Jiko lake alilinunua akiwa kazini, na akahamia nalo kwenye nyumba hii alipoijenga.

Bariadi mafuta ya taa yalikuwa na sababu nyingine kubwa, nayo ni miti. Ukitoka Lamadi kwenda Bariadi, angalia dirishani. Mbuga, mashamba, ng'ombe, na miti ya kuhesabu. Haikuwa hivyo tangu zamani. Wakati wa Mwingereza watu walihamasishwa kufyeka misitu ili kuwaondoa mbung'o. Pamba nayo ikataka mashamba zaidi, na mifugo ikataka malisho. Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lisiguswe ili liote na kutumika wakati wa kiangazi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowahamisha watu kutoka kwenye maboma yao, ngitili nyingi zikakosa mwenyewe. Hali ikawa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kwa msaada wa Norway. Bariadi ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga enzi hizo. Mradi ule ulifanikiwa kwa sababu ulirudi kwenye ngitili za wazee badala ya kuleta elimu ya mbali.

Ina maana gani kwa mpishi? Ina maana kuni zilikuwa mbali. Watu walipikia mabua ya pamba baada ya mavuno, na kuna waliopikia hata mavi makavu ya ng'ombe. Katika nchi ya namna hiyo, lita moja ya mafuta ya taa ni mti mmoja ambao haukukatwa. Shikilia hapo, tutaparudia.

Mafuta yaliwahi kuadimika mara nyingi. Bibi anaikumbuka vizuri miaka ya baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambapo bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, nchi haina fedha za kigeni, na kila kitu ni foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, mafuta ya taa foleni. Anasema koroboi iliwashwa wakati wa kula tu, mkimaliza inazimwa, hadithi mnasimuliana gizani. Lakini wakati ule hakuna aliyesema tuachane na mafuta ya taa. Yalisubiriwa kama mvua. Yaliporudi, watu wakayapokea.

Haya, sasa tufike kwenye kufukuzwa.

Mnaikumbuka ile miaka neno kuchakachua lilipotawala midomo ya watu? Ilikuwa karibu na uchaguzi mkuu wa 2010. Kura zinachakachuliwa, mitihani inachakachuliwa, hata mapenzi yakaambiwa yamechakachuliwa. Neno hilo lilipata umaarufu kutokana na biashara ya mafuta. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili mnyonge ayamudu, dizeli ikatozwa kubwa. Wajanja wakaona mwanya. Wakawa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na kuuza kwa bei ya dizeli. Injini za watu zikaharibika na serikali ikakosa kodi. Septemba 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yagundulike.

Vinasaba pekee havikutosha. Juni 2011 Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo, akasoma bajeti ya mwaka 2011/12. Ushuru wa bidhaa kwa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Ushuru wa dizeli ukashushwa kutoka shilingi 314 hadi shilingi 215. Hesabu ni rahisi. Ukizipandisha kodi za mafuta ya taa juu ya dizeli, hakuna mjinga atakayechanganya tena.

Na kweli, uchanganyaji ule ukakosa faida. Matumizi ya mafuta ya taa nchini yakaporomoka, jambo linaloonyesha kwamba mengi yalikuwa yanaishia kwenye matangi ya malori wala si kwenye koroboi. Kwa hiyo sisemi serikali haikuwa na sababu. Ilikuwa nayo. Ninachosema ni kwamba mwizi alikuwa barabarani, na adhabu ikapelekwa jikoni.

Fanya hesabu na mimi. Nyongeza ya ushuru peke yake ni shilingi 348.30 kwa lita. Nyumba inayotumia lita 10 kwa mwezi, kwa taa mbili na jiko, iliongezewa karibu shilingi 3,500 kila mwezi, kabla muuzaji wa rejareja hajaweka faida yake. Bajeti ilisomwa Juni, mwaka wa fedha ukaanza Julai. Hakuna aliyekuja Bariadi kuuliza nyumba hizi zitapikia nini Agosti.

Nilikuwa darasa la sita mwaka ule. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa dukani na chupa. Nakumbuka jinsi fedha ileile ilivyorudi na mafuta pungufu, na bibi akadhani nimenunulia andazi. Akanifinya sikio, nikaapa kwa Mungu wote. Siku iliyofuata akaenda mwenyewe. Aliporudi hakusema kitu, ila alikata andazi lake nusu akanipa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba msamaha.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, nisije nikaonekana nayalilia mafuta ya taa. Mama yangu mdogo ana kovu kutoka kiganja hadi kiwiko. Alikuwa anaongeza mafuta kwenye koroboi, mafuta yaliyonunuliwa kwenye duka moja ambalo sitalitaja, na ndani yake kulikuwa na petroli. Mafuta ya taa yanashika moto taratibu, petroli inalipuka. Pengine mwenye duka alitumia dumu lililokuwa na petroli, pengine na yeye aliuziwa hivyo hivyo. Redioni tulisikia uchakachuaji unaua injini. Mkono wa mama mdogo haukusemwa popote. Ongeza masizi puani kila asubuhi, macho yanayowasha, watoto waliokunywa mafuta wakidhani ni maji kwa sababu yalikuwa kwenye chupa ya soda. Mafuta ya taa yalistahili kuondoka. Swali ni kwamba yaliondokaje, na nani alishika nafasi yake.

Hapa ndipo nyumba ya bibi iligawanyika njia mbili.

Upande wa mwanga, tulisonga mbele. Zilianza tochi za mchina za balbu ndogo ndogo, zile unazofunga ukutani kwa waya. Zikafuata taa za sola za kuanika juu ya bati. Kisha zikaja kampuni za kukopesha sola kwa malipo ya simu, kama Mobisol ya Wajerumani na ile iliyoanzia Arusha ambayo baadaye ilijiita ZOLA. Mwisho ukaja umeme wa REA, wakala ulioanza kazi mwaka 2007, kwa gharama ya kuunganisha ya shilingi 27,000 vijijini. Na kwa nyumba za zamani ambazo hazikuwahi kuwekewa nyaya ukutani, kikaja kifaa kinaitwa UMETA, yaani Umeme Tayari, kibao chenye swichi na soketi unachofungiwa ukutani, basi, umemaliza. Hakuna aliyetulazimisha kuacha koroboi. Tuliiacha kwa sababu kitu bora kilifika, na tuliweza kukilipia kidogo kidogo.

Upande wa jiko, tulirudi nyuma. Jiko la mchina lilipoingizwa stoo, halikupisha gesi wala umeme. Lilipisha mkaa. Bibi, nesi mstaafu, mwanamke aliyepikia mafuta kwa miaka zaidi ya 20, akaenda sokoni kununua jiko la mkaa akiwa na umri wa miaka 60 na kitu. Na mkaa ni nini? Ni mti. Ule mti ambao HASHI na wazee wa ngitili walihangaika kuurudisha. Mwaka 2012 Simiyu ikawa mkoa mpya na Bariadi makao makuu. Mji ukapanuka, wapangaji wakaongezeka, na vyumba vilivyokuwa vinanukia mafuta ya taa vikaanza kunukia moshi wa mkaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157 mkoani, ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Wote hao wanakula kila siku.

Nilipofika hapa nikawakumbuka wenzetu wa Ulaya, maana nao wamekuwa wakitoa mafuta ndani ya nyumba za zamani. Kwao si taa wala jiko, ni joto. Nyumba ina tangi la mafuta na mtambo unaoyachoma ili kuchemsha maji yanayozunguka kwenye mabomba ya vyumbani, watu wasigande kwa baridi. Norway, walewale waliotusaidia kupanda miti Shinyanga, walitangaza mwaka 2017 kwamba kupasha nyumba joto kwa mafuta kutapigwa marufuku kuanzia mwaka 2020. Mwenye nyumba akapewa muda, na kukawa na mfuko wa serikali uitwao Enova uliochangia gharama za kung'oa mtambo wa zamani na kufunga mpya. Ujerumani walijadili sheria ya namna hiyo mwaka 2023 na serikali nusura ivurugane yenyewe kwa yenyewe, kwa sababu watu waliuliza swali moja tu: nani atalipa?

Tazama tofauti. Kule nyumba iliulizwa kwanza, na pale ambapo haikuulizwa vizuri watu walipiga kelele hadi wakasikika. Kwetu mafuta yaliondolewa nyumbani kwa ajili ya tatizo la malori. Hapakuwa na sera ya kupikia ndani ya uamuzi ule. Sera ya kupikia imekuja baadaye. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kuanzia ushuru ule wa 2011 hadi mkakati huu ni miaka 13, na katika muda huo majiko mengi ya mchina yamekufa na kutu.

Sasa tuurudie mtungi wangu uliofunikwa kitambaa. Usiku wa mwisho nilimuuliza bibi kwa nini hautumii. Nilidhani atasema anaogopa utalipuka, maana wazee wengi husema hivyo. Hapana. Alinijibu kama mhasibu.

“Mafuta nilinunua ya mia tano. Mkaa nanunua wa elfu moja. Hii gesi ikiisha, nitanunua ya shilingi ngapi?”

Nikakosa jibu. Mtungi hauna kipimo cha elfu moja. Ukiisha umeisha, na kujaza ni kwa mkupuo. Taa ya sola iliishinda koroboi kwa sababu mtu alikubali kumuuzia bibi mwanga wa siku moja moja. Gesi bado inauzwa kwa watu wanaolipwa mishahara mwisho wa mwezi. Na teknolojia ipo! KopaGas, kampuni iliyoanzia hapa hapa Tanzania, ilibuni mita ya kumwezesha mtu kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Circle Gas ya Uingereza. Jikoni kwa bibi mita hiyo haipo.

Ruzuku za mitungi ni jambo jema, sizibezi. Lakini ruzuku ya mtungi ni ya siku moja, chakula ni cha kila siku. Debe la Mmarekani lilifika Maswa na kukaa miaka mia moja kwa sababu mwenye duka aliweza kuligawa likaingia kwenye chupa ya soda. Mpaka gesi iweze kugawika hivyo, itakuwa pambo la sebuleni.

Wiki moja baada ya kurudi, bibi alinipigia simu. Anasema sasa gesi anachemshia chai ya asubuhi tu, kwa sababu asubuhi mkaa unachelewesha na miguu inamuuma kuinama. Jiko la mchina bado liko stoo, amekataa nisiliuze chuma chakavu. Halafu akaniuliza, “Huu ukiisha, wewe ndiye utakayejaza?”

Nimesema ndiyo. Lakini bibi wa jirani hana mjukuu gazetini.

Na kwenu je? Mafuta ya taa yaliondoka lini, na ni nini kilichokaa mahali pake? Muulize bibi yako kabla hujamnunulia mtungi.